Masanduku ya Mahameli

Sheria ilikuwa wazi: ukiagiza bidhaa za jumla kutoka ng'ambo, lazima mtu wa nyumbani kwako azitumie kwanza, tena kwa kazi yake hasa, ndipo duka lako la mtandaoni liruhusiwe kuziuza. Jicho la ukutani, kamera ya serikali iliyofungwa kila sebule, lilisimamia hayo. Ndiyo maana mume wa Tumsifu, Baba Gisela, hakuwa na nyusi. Krimu ya kuondoa nywele ilikuwa imeuzika vizuri sana.

Safari hii Tumsifu aliagiza kontena zima la masanduku marefu yenye mahameli ndani, akidhani ni ya kuhifadhia mablanketi. La kwanza lilipofunguliwa sebuleni, mama mkwe alilitazama mara moja tu.

"Mwanangu, hili ni jeneza."

"Tuweke mablanketi hivyo hivyo, mama."

Wakayaweka.

"Bado halijatumika ipasavyo," Jicho likasema kwa upole.

Mama mkwe akayatoa, akajilaza humo mwenyewe, akakoroma mpaka saa ya chai.

"Bado."

Baba Gisela, aliyekuwa na mafua tangu Jumapili, alijitahidi kubana kikohozi, kikamponyoka.

Jicho likamgeukia.