Loki ya Kilima cha Kwa Mbaka

Gurudumu la nyuma la kushoto lilizunguka kama limerogwa. La kulia lilitulia tuli, kana kwamba ugomvi ule haulihusu. Kailemia akakanyaga mafuta mara ya mwisho. Pikapu ikateleza kinyumenyume hadi mtaroni, ikalala upande, na tope likaruka dirishani likatua kwenye leso ya mama yake.

"Basi, mwanangu," mama alisema. "Usiiue gari."

Zilikuwa zimebaki mita mia mbili tu kufika nyumbani. Wanaume wanne wa kijijini wakashuka kutoka juu ya kilima na kiti cha plastiki, wakamketisha mama, wakampandisha kilima cha Kwa Mbaka huku mguu wake wenye kidonda umenyooka mbele. Kila baada ya wiki mbili ilibidi apelekwe hospitali mjini kusafishwa kidonda hicho cha ugonjwa wa sukari. Na tangu mvua zianze, kila mara alirudishwa hivyo, kama kabati linalohamishwa.

Kailemia alifuata nyuma kwa miguu, viatu vya ofisini mkononi, na hasira zisizo na pa kwenda.

Karimi, jirani aliyepeleka maziwa sokoni Githongo kila asubuhi, alikuwa akimngoja kando ya ua.

"Baba Mwenda, hii barabara itatengenezwa lini? Jana nimeanguka nikamwaga lita ishirini. Si wewe ndiye unakaa na wakubwa huko mjini?"

"Karimi, niache. Si umeona hata mimi nimekwama?"

Kila Jumapili kanisani lilikuwa swali hilo hilo. Alikuwa amechoka nalo.

Jumamosi alishuka Meru kwa Abdilatif, fundi aliyemtengenezea gari miaka yote. Abdilatif akaiinua pikapu kwa jeki, akazungusha gurudumu moja kwa mkono. Lile lingine likazunguka kinyume.

"Unaona? Difu yako, hii gia ya kati ya magurudumu ya nyuma, inapeleka nguvu kule kwenye kazi rahisi. Gurudumu moja likikosa kushika, lenzake linakaa kutazama. Unataka loki, yazunguke pamoja yakitaka yasitake."

"Nipe loki basi."

"Ipi?"

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kulikuwa na ile inayojifunga yenyewe, haina swichi wala nyaya, lakini ukikata kona kwenye lami inagonga ka-ka-ka na kula matairi. Na Kailemia alipita lami kila siku kwenda kazini. Kulikuwa na ya umeme. Abdilatif alikuwa amemfungia mteja mmoja, ikaingia maji, taa ikawa inawaka lakini loki haifungi. Halafu kulikuwa na ya hewa, yenye kompresa na mpira mwembamba ambao jiwe moja tu lingeweza kuukata.

"Kila moja ina ugonjwa wake!" Kailemia alifoka. "Hakuna inayofanya kazi tu?"

"Tulia. Kilima chenyewe kikoje?"

"Asilimia kumi na nane pale kwenye kona. Udongo mwekundu. Mtaro wa juu umeziba, maji yote yanapita katikati ya njia."

Abdilatif alicheka. "Wewe umekipima?"

"Nimekipima." Yeye hakucheka.

"Na murram? Wamemwaga changarawe yoyote?"

"Hata toroli moja hakuna."

Fundi akapangusa mikono kwa kitambaa. "Chukua ya hewa. Mpira nitaupitisha juu ya fremu, mawe yasiufikie. Ukifika kwenye tope unaifunga, ukirudi kwenye lami unaifungua. Lakini nikwambie ukweli, dawa ya kilima hicho si loki. Ni mifereji na murram."

"Dawa yake naijua," Kailemia alimkata. "Wewe funga loki."

Loki ya kwanza ililetwa ikiwa na meno yasiyolingana na ekseli. Ikarudishwa. Ya pili ikachelewa, na siku ya hospitali ikafika kabla yake. Safari hiyo mbebaji mmoja aliteleza, kiti kikapinduka, na mama akaangukia ubavu kwenye tope. Hakulia. Alisema tu kwamba hospitali haendi tena, wamwache nyumbani kwake. Kailemia alimpigia Abdilatif simu palepale kilimani, akamtolea maneno ambayo baadaye ilibidi amwombe radhi.

Hatimaye loki ikafungwa. Alhamisi iliyofuata Kailemia alimbembeleza mama hadi akakubali kwenda. Wakati wa kurudi, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Pale kwenye kona alibonyeza swichi. Kompresa ikanguruma, taa ndogo ikawaka, na magurudumu yote mawili ya nyuma yakauma udongo. Pikapu ilipanda polepole, haikuyumba. Wakampita Karimi, mtungi wa maziwa mgongoni, tope hadi magotini. Ilibidi aingie mtaroni kuwapisha.

Mama alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, lango la nyumbani lilikuwa mbele yake.

"Tumefika?"

"Tumefika, mama."

Akaushika mkono wa mwanawe, akaushikilia kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, Kailemia alihisi hasira zote zimemtoka.

Kesho yake alifika kazini mapema. Akaketi, akavuta faili ambalo kwa miezi mitatu alikuwa amekataa kulitia sahihi, akalifungua ukurasa wa mwisho: "Barabara ya Kwa Mbaka, kilomita sita, mifereji na murram. Kazi imekaguliwa na imekamilika." Chini ya maneno "Mhandisi Mkaguzi", akaandika jina lake.