Zamu ya Kwanza

Ofisi ya mto ilikuwa na kompyuta moja tu, nayo ndiyo iliyopima kina cha maji na kupiga king'ora mto ukifurika. Leo ilikuwa pia ikirusha sherehe ya ofisi moja kwa moja. Mkurugenzi aliinama nyuma ya Tunu, fundi wake.

"Hotuba ya mgeni rasmi inakatikakatika hewani. Ipe zamu ya kwanza."

"Nikiipa, mkurugenzi, hakuna kingine kitakachopita mpaka iishe. Hata king'ora."

"Kwani mvua iko wapi? Andika, bwana!"

Tunu aliandika mstari mmoja, akabonyeza. Picha ikatulia. Mkurugenzi akaondoka akipiga mluzi.

Simu ikalia. Alikuwa mlinzi wa daraja la upande wa juu wa mto, akihema.

"Dada, maji yamepita alama nyekundu, na leo watu wamejaa gulioni kando ya mto! Mbona king'ora kimya?"

Tunu alirukia kibodi, akaandika amri ya kuirudisha hotuba nyuma ya foleni. Hakuna herufi iliyotokea. Amri yake nayo ilikuwa inasubiri zamu. Akaandika tena, akabonyeza mpaka kucha ikauma.

Kwenye kioo, mgeni rasmi alimaliza itifaki, akalowesha kidole, akafunua ukurasa wa kwanza.