Taa Haikuona Mshipa

Siku hizi sheria inamkataza muuguzi kumgusa mgonjwa kabla taa ya mishipa haijamwonyesha pa kuchoma. Jana asubuhi nesi Tumsifu alinimulika mikono yote miwili, na taa haikuona kitu.

"Pole babu. Bila mshipa hakuna dripu. Utarudi nyumbani bila dawa."

Mke wangu Nakiete, muuguzi mstaafu, akacheka. "Huyu mzee ana mishipa kama mizizi! Lete kidole, mwanangu."

Akakishika kidole cha Tumsifu, akakibonyeza kwenye kikunjo cha kiwiko changu.

"Bibi, mshipa unanesa!" Tumsifu akasema.

Sindano ikaingia mara moja, tukapiga makofi. Taa ikaandika kwenye kioo chake: "Mgonjwa ameguswa. Muuguzi asubiri hapo alipo. Wakaguzi wako njiani."

Tumsifu akasoma, akaninyooshea tena kile kidole.

"Babu, lete na mkono wa pili," akasema, "kabla hawajafika."