Sauti Iliyomo Kwenye Mchezo

"Mchango nilikupa mkononi, Bizume! Mbona mchezo haufunguki?"

"Ulinipa, Mzee Shekue. Wenzako ndio hawakutoa, na mimi nikaona haya kuwadai watu wanaofanya kazi ya bure."

"Haya zako hizo zitatuponza, mwanangu!"

Majirani walikuwa wakiutengeneza mchezo ule wa kompyuta kwa kujitolea, huyu akichora, yule akiimba, na kazi yote ilikaa kwenye seva ya kukodi. Bizume ndiye aliyeaminiwa kulipa. Sasa simu yake ilionya kwamba kodi isipofika kabla ya saa saba mchana, kila kitu kitafutwa. Zilibaki dakika nne.

Shekue aliketi kwenye kizingiti cha nyumba yake. Ndani ya mchezo, muuza vitumbua alizungumza kwa sauti ya marehemu mkewe, na nakala nyingine hakuwa nayo.

Akamtumia Bizume akiba yake yote. Bizume akabonyeza kulipa. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo, kikazunguka, kikazunguka.

"Nisamehe, baba."

"Ingia ule," alisema Shekue, macho hayabanduki kwenye simu. "Wali upo. Peke yangu sitaweza kungoja."