Ridhaa ya Sauda

Kila anayetimiza miaka kumi na minane huulizwa nyumbani kwao kama anakubali kutawaliwa, na siku hiyo mji wa Tanga hupika pilau kama ya harusi. Leo ilikuwa zamu ya Sauda. Vigelegele vilitikisa mabati tangu asubuhi.

Afisa Kiondo alisimama ukumbini. "Wanafalsafa wa Ulaya walituachia wazo tukufu: hakuna serikali bila ridhaa ya raia."

"Tukufu kweli," alidakia Bi Mize, bibi yake Sauda, kutoka mlango wa jikoni. "Mjerumani alipokuja kwetu alilisahau melini."

Watu wakaangua kicheko. Kiondo naye akacheka, kisha akauliza, "Haya binti, umekubali?"

Sauda akainamisha kichwa, kimya. Alishamwambia bibi yake kuwa hataki, na kwamba hatatamka neno.

"Kisheria, kimya ni ridhaa," alisema Kiondo, akichukua muhuri.

Mwiko ukamponyoka Bi Mize. Na yeye ndivyo alivyoozwa. "Sema, mjukuu wangu! Mimi nilinyamaza, wakanihesabia ndiyo!"

Sauda akainua uso. "Sijakubali. Bado nafikiria."

Kiondo hakuwahi kulisikia jibu hilo. Akawapigia simu wakubwa wake, akaambiwa asubiri hapo hapo. Wakampakulia pilau, ngoma ikaendelea, Sauda akacheza mpaka kanga ikalowa jasho.

Alasiri magari mawili ya serikali yakasimama mlangoni. Bi Mize akayachungulia, akageuka, akapaza sauti jikoni: "Ongezeni mchele! Wageni wamezidi."