Dozi ya Mdomoni

Shebwana alimimina kikombe cha methadoni, dawa ya kuachia heroini, mdomoni, lakini hakumeza. Nje, chini ya ukuta wa kliniki, mdogo wake Mbaruku alikuwa amejikunja, arosto ya kukosa heroini ikimtetemesha na kumtapisha.

"Sema jina lako," muuguzi alisema, kama alivyowaambia wote ili wasitoke na dawa mdomoni.

Shebwana alibana midomo. Machozi yakamlengalenga.

"Najua unampelekea nani, kaka yangu. Ubongo wako ndio kwanza umeanza kutulia. Na yeye hajapimwa. Dozi yako inaweza kumuua."

Shebwana akameza.

"Shebwana Athumani," alisema.

Alipotoka, Mbaruku alijikokota hadi miguuni pake, akainua uso, akafungua mdomo.