Daktari Asiyeshika Mgonjwa

"Jina la mgonjwa?" aliuliza Sister Tumwitike, kama utaratibu unavyotaka kabla kisu hakijagusa ngozi.

Mpasuaji ndiye hulitaja, kwa sauti, wote wasikie. Dokta Esnath alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha kuendeshea mashine, nyuma ya pazia, viatu amevua, soksi juu ya pedali. Akainamia kioo cha kutazamia tumboni.

"Litaje wewe, Sister," alisema mwishowe.

Sister akalitaja: Mzee Isakwisa, mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kando ya kitanda, Dokta Kasian alichekea ndani ya barakoa. Hata jina hajui! Na huyu ndiye waliyemsifia mpaka Iringa, ati Mbeya nzima hakuna anayemkaribia kwa mashine hii yenye mikono ya chuma.

Kasian alikuwa ametoka Iringa wiki ile, amekuja kujifunza. Kujifunza lilikuwa neno lao. Yeye alijua amekuja kuwaonyesha. Kwa hiyo ilimuuma kuwekwa kando ya kitanda atoboe matundu, aingize mirija na kuunganisha mikono ya mashine. Kazi hiyo huifanya mpasuaji mwenyewe, ndipo aende kukaa. Esnath hakuifanya. Alingoja nje mpaka mzee akalala usingizi wa dawa na kufunikwa gubigubi, uso na vyote, ndipo akaingia akiambaa ukuta kama mtu aliyechelewa kanisani. Hata lile pazia alilidai yeye. Mashine haina haja ya pazia.

"Anaogopa damu," Kasian alimnong'oneza Sister. "Au kapaka kucha rangi."

"Kamwene, Dokta," Sister alimjibu kwa salamu ya kwao Iringa. "Shika mrija wako."

Watu wa Mbeya hawa! Asubuhi hiyo hiyo Sister alikuja kazini kachelewa, gauni limejaa matope, kisa kakutana na baba mkwe njiani, akarukia shamba la viazi, akajikunyata humo mpaka mkwe apite, ati kwao mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Mtu mzima, na cheti chake cha uuguzi! Kasian alicheka mpaka chai ikampalia. "Sisi kwetu," aliwaambia, "mkwe tunagombania naye paja la mbuzi."

Mikono ya chuma ilianza kazi. Taratibu, taratibu mno. Kila mara kabla ya kukata, Esnath aliinua kichwa kutoka kwenye kioo chake, na hapo hapo mikono yote ikaganda. Alivuta pumzi, akainama tena, mikono ikaamka. Huyu mpasuaji, Kasian alijiuliza, au fundi cherehani anayetafuta sindano iliyodondoka?

Ghafla mshipa ukateleza kutoka kwenye kibanio. Skrini ikawa nyekundu yote.

"Presha inashuka!" alisema mtu wa dawa za usingizi.

"Toka huko uje ushike mwenyewe!" Kasian alifoka. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa chuma, auchomoe, afungue tumbo kwa njia aliyoizoea.

"Usivute, Dokta!" alisema Esnath. "Mkono huo umeng'ata nyama. Ukivuta unachana ini. Niletee kitambaa cha gozi kwa mrija wako, halafu nyonya damu."

"Njoo, nimesema! Mtu anakufa!"

"Nikishindwa, nitakuja." Esnath hakuinua kichwa kutoka kwenye kioo. "Mungu anisamehe, nitakuja. Sister, weka glovu zangu karibu."

Sister alizifungua glovu, akaziweka kando ya pazia.

Kasian alisukuma gozi. Mkono mmoja wa chuma ukaliinua ini, mwingine ukalikandamiza gozi, ukatulia hapo kimya. Skrini ikaanza kuonekana. Kibanio kikashika. Cha pili kikashika. Presha ikapanda. Glovu hazikuvaliwa.

Kasian alipoanza kumfunua mzee uso, kiti nyuma ya pazia kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma unajifunga. Hata viatu alikuwa ameondoka navyo mkononi. Hana pole, hana asante, hana hata "ameamkaje".

Lazima mganga mfawidhi alijue hili, Kasian aliapa. Mtu wa namna hii hafai kukalia kile kiti. Tena lingekuwa zito zaidi likitoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe.

Kesho yake alimkuta mzee wodini amekaa, anakunywa uji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, baba."

"Mzee, nikwambie ukweli ambao wenyeji hawatakwambia." Kasian alivuta kiti. "Huyo daktari aliyekupasua hakukugusa hata kwa kidole. Uso wako hakuutazama. Jina lako hakulitaja, alimsukumia nesi."

Mzee alikiweka kikombe chini.

"Damu ilimwagika," Kasian aliendelea, moto umemkolea. "Nilimwita mimi mwenyewe aje. Akagoma kutoka nyuma ya pazia."

"Hata damu ilipomwagika?"

"Hata hapo."

"Na hilo pazia, nani alilitaka?"

"Yeye mwenyewe!"

Mzee alifumba macho. Kasian alisogeza kiti, tayari kuipokea laana.

"Hebu nipe hiyo simu, baba, nimpigie mwanangu," mzee alisema. "Nilimwambia ng'ombe zangu za mahari zimepotea bure kwa msichana wa shule. Kumbe kaoa mke."